Polikarp Wawili, Kompyuta Moja

Majengo, Songea
4 Machi 1996

Kaka Dastan,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mama anakohoa kidogo. Wewe na joto la Dar mnaendeleaje?

Mwenzio nimeharibu. Hapa ofisini kwa Mama Lidwina kila kazi ninayochapa naihifadhi kwa jina la mteja. Kompyuta inakubali herufi nane tu, na POLIKARP ni nane kamili, jina la baba halina pa kukaa. Wiki hii wamekuja Polikarp wawili, bwana harusi na bwana mifugo. Kompyuta ikauliza kama ifute kazi ya kwanza, nikaona si adabu kuikatalia. Basi kadi themanini zenye maua zimetoka zikiwaalika wageni walete kuku wachanjwe. Nikikosea tena nafukuzwa, na kazi nyingine sina. Nisaidie.

Mdogo wako,
Walburga

Dar es Salaam
19 Machi 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mpe mama pole.

Achana na majina. Huko mnabatizana kwa kalenda ya watakatifu, akina Polikarp hawataisha. Disketi niliyompa kondakta wa basi ina programu yangu mwenyewe. Inaangalia saa ya kompyuta, inatunga jina kwa siku, mwezi, saa na dakika. Dakika ikishapita haijirudii. Na nimeiamuru isikuulize kitu, maana nakujua.

Kaka yako mtaalamu,
Dastan

Majengo, Songea
16 Aprili 1996

Kaka,

Shikamoo. Mama amepona, sasa mgonjwa ni mimi.

Hapa umeme unakatika ovyo, na betri ya ndani ya kompyuta ilishakufa. Kila umeme ukirudi, saa inaanza upya tarehe mosi Januari, na dakika zako zinajirudia. Jana nimefungua mwaka mara nne. Katiba ya kikundi cha akina mama wa Mshangano imemezwa na ratiba ya kwaya, kimya kimya, kama ulivyoiamuru. Mama Lidwina amenipa mpaka Jumamosi. Nimelia hadi akanihamisha kiti nisilowanishe mashine. Jibu upesi.

Mdogo wako,
Walburga

Majengo, Songea
24 Aprili 1996

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo wote.

Jibu lako halikufika, Jumamosi ikafika. Siku moja kabla nilikwenda parokiani kufuata cheti cha ubatizo, nianze kuomba kazi kwingine. Sista Notburga hakutaka jina langu, alitaka namba. Akina Walburga tuko kumi na saba katika kitabu kile, kila mmoja na namba yake, na hata aliyekufa yake hapewi mwingine. Nikatoka mbio nikanunua daftari. Sasa kila kazi inachukua namba inayofuata, naikata kwa kalamu, hairudi tena hata kazi ikifutwa. Katiba nimeichapa upya na Mama Lidwina ameniacha kazini.

Jana alikuja nyumbani kuuliza nani kanifundisha ujanja ule. Nikasema ni wewe. Akakusifu sana, kaka. Nami nikamwacha akusifu, kwa kuwa nakupenda, na kwa kuwa mama alikuwa amekaa pale pale anasikiliza.

Mdogo wako,
Walburga