Laini Haipunguzwi Kama Suruali

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Sare yako ya pili iko kitandani, kifungo nimeshakishona. Ile tableti aliyokutumia shangazi yako kutoka ng'ambo usiiwashe kwanza. Si kwamba umeiharibu. Hukuiharibu.

Ulipoondoka asubuhi bila kuniaga, niliipeleka kwa fundi simu hapo ng'ambo ya barabara. Nikamwambia labda imefungwa huko ilikotoka, au binti yangu ameibonyezabonyeza. Akasema haijafungwa, inakubali laini za hapa, na mipangilio yote uliyoiweka ni sahihi. Kisha akaichomoa laini, akanitazama na utepe wangu wa kupimia shingoni. "Fundi, laini haipunguzwi kama suruali."

Jana laini ilikataa kuingia, ilikuwa kubwa. Nikaipunguza kwa mkasi wa dukani, kwa macho tu, mimi ninayewafokea wanafunzi wangu wasikate kitambaa kabla ya kupima. Mkasi ukala mpaka kwenye dhahabu yake, pale tableti inapoisoma. Halafu leo nikakwambia mikono yako haishiki kitu kikabaki kizima.

~~Kama nilikukosea, nisamehe.~~ Nilikukosea. Nisamehe.

Nimekwenda kuchukua laini nyingine, ndogo. Jioni utaongea na shangazi yako mkionana kwenye kioo.

Mama yako nilimwambia ni wewe uliyeiharibu. Kipande nilichokikata nimekibandika hapa chini. Mwonyeshe kabla sijarudi, maana mimi nikianza kueleza nitatia viraka.

Baba, mkata laini