Kofia ya Baba

Nasra mjukuu wangu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa Kibokoni hatujambo, alhamdulillahi. Shangazi yako amehamia Ganjoni, na goti langu lanisumbua kwenye ngazi tu.

Mjomba wako amenisomea blogu yako, pale unapopinga mpango wa serikali ya Waingereza, huko uliko, wa kuwawekea watu vitambulisho kwenye simu. Umeniuliza umjibu vipi yule msomaji anayesema kuwa mtu asiye na la kuficha hana la kuogopa.

Siku niliyokwenda kuchukua kitambulisho changu nilifuatana na baba, kwa sababu watu wa mitaa yetu, tofauti na wengine, walitakiwa wathibitishe kuwa ni Wakenya. Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Karani, kijana wa rika langu, akamwambia, "Mzee, vua kofia, utaje babu zako." Baba akaivua. Sikuwa nimewahi kumwona kichwa wazi nje ya nyumba yetu. Akawataja mmoja mmoja, kama mtoto mbele ya mwalimu wa madrasa. Karani akacheka, akamwambia aanze tena.

Nikainamisha macho, na hivyo hivyo nikapigwa picha. Kurudi nyumbani baba alipita vichochoroni, asiamkiwe na mtu.

Mwambie msomaji wako kwamba baba hakuwa na la kuficha. Kitambulisho nilipewa, na mpaka leo askari akikitaka mimi humpa bila kukitazama. Mle pichani mna msichana aliyeshindwa kumtazama baba yake.

Bibi yako akuombeaye,
Zuwena