Ndoyi wa Chef Barthélemy

Jumatatu, 2 Septemba 1968

Barua ya professeur wa Bukavu imefika. Anasema ndiyo, mdudu wangu wa mto Kahusa hajaandikwa popote duniani. Mupya kabisa. Miaka mitatu nageuza mawe ndani ya maji baridi, na watu huku wanasema infirmier Marcellin, muuguzi wao, anatafuta dhahabu, anadanganya ni wadudu. Sasa waone.

Anataka madume sita ndani ya alcool ili wasioze, maelezo, na mchoro. Hawa wadudu wa mawe wote wanafanana: mabawa yamelala mgongoni, mikia miwili, rangi ya chai bila maziwa. Kinachotenga aina na aina ni kitu kimoja, sehemu ya siri ya dume. "Ichore kubwa, kila mwiba uonekane." Nimechora, kwa mikroskopi ya dispensaire, ile ya kupimia minyoo ya wagonjwa. Ukurasa mzima. Mke wangu Céline alichungulia, akauliza kama professeur iko na bibi.

Kamio, lori ya Bukavu, inapita Jumapili. Nyingine ni mwezi ujao – alcool yangu haitangoja, inakauka. Na kwenye barrière, kizuizi cha barabara, kisanduku hakipiti bila karatasi ya chef de poste, mukubwa wa serikali hapa.

Jumanne, 3 Septemba

Chef Barthélemy amekataa. Iko formulaire ya kujaza: ya ngombe, ya kahawa, na ya maiti. Ya wadudu hakuna.

Nikamwambia: hawa wamekufa, chef.

Akafungua droo, akasoma karatasi hadi chini. Akasema ya maiti inadai muntu wa famille wa kusindikiza.

Jumatano, 4 Septemba

Nimerudi na njia nyingine. Nikaeleza pole pole: mdudu mupya hana jina. Aliyemwona kwanza anapendekeza jina la mukubwa fulani, wanaliandika kwa Latini, linabaki ndani ya vitabu hata sisi tukioza.

Kalamu yake ikasimama.

– Latini ya misa?

– Ya misa, chef.

Nikaandika: *barthelemyi*. Akaomba niandike tena, herufi kubwa. Akauliza kama anauma. Hapana. Anaruka vizuri? Vibaya. Anakula nini? Nikasema kweli: akiwa mtoto chini ya mawe anakula, lakini akishakuwa mukubwa hakuli kitu.

Akaweka kidole juu ya karatasi.

– Hiyo usiandike.

Nyumbani nimemsimulia Céline. Akasema mukubwa asiyekula, njo maana professeur hajawahi kuona wa namna ile.

Alhamisi, 5 Septemba

Mbuzi! Kwetu mwenye jina lako ni ndoyi wako, na ndoyi hatembelewi mikono mitupu. Chef alileta mbuzi yeye mwenyewe, polisi nyuma yake akishika kamba. Akauliza ndoyi yake iko wapi. Nikaonyesha kichupa. Akainama, akamsalimia. Mbuzi nimepokea mimi, kwa niaba ya marehemu.

Alitaka kumwona uso. Ndani ya mikroskopi aliona kope zake mwenyewe, akasema ndoyi iko na manyoya mengi. Akaomba mchoro. Nikautoa, ningefanya nini? Akaupeleka dirishani, akaugeuza, miiba ikawa juu.

– Aah. Kumbe anavaa taji.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua.

– Na shingo ile, akasema. Shingo ya muntu wa kuongoza.

Kwa mkono mwingine alikuwa ameshika karatasi yangu, kalamu imeshafunguliwa. Nikasema: chef, umeona vizuri. Akaweka sahihi.

Muhuri bado. Anataka kwanza kile "kichwa" kichorwe juu ya mlango wa bureau, ofisi yake, kikubwa, watu wakione Jumapili wakitoka misa. Sahihi bila muhuri haipiti barrière. Anajua. Najua.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepaka rangi toka asubuhi. Nyekundu na nyeupe, miiba kumi na tisa, yote mahali pake, aibu ya kazi mbaya sitaki. Kimo kama mlango wenyewe. Wamama waliotoka shamba la maharagi walisimama chini ya ngazi. Mmoja akasema inamukumbusha kitu, hajui ni kitu gani. Mwenzake akamvuta mkono, twende.

Saa kumi chef alitoka kukagua. Amefurahi. Lakini mbona hana macho?

Nimeongeza macho. Mawili. Professeur anisamehe.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kisanduku, mbele ya bureau.

Abbé Jean-Bosco, padri wetu, alifundisha sayansi miaka kumi na moja kwenye petit séminaire, shule ya wanaotaka upadri. Sikuwa nimesahau. Nilitumaini mvua ifute rangi.

Baada ya misa chef alimshika mkono, akamleta hapa mbele ya kanisa zima.

– Padri, ona ndoyi yangu. Bukavu watamupeleka mu vitabu.

Abbé alivua miwani, akafuta, akavaa. Akahesabu miiba kwa midomo. Akaziba mdomo kwa kitambaa. Céline akaona kitu cha maana sana kwenye udongo.

– Padri, unaonaje? Unamujua?

– Namujua, akasema abbé. Ila haya macho, hapana. Akanitazama mimi. Kisha: chef, tuingie ndani, iko neno kidogo.

Wameingia. Mlango umefungwa. Karatasi yangu iko mule juu ya meza, na muhuri iko mule. Kamio imefika, Viateur dereva anapiga honi, anasema haongezi hata dakika kwa ajili ya nzi. Céline ameshafungua kamba ya mbuzi, anauliza amrudishe ao apande naye kwenye kamio.

Ndani sauti ya abbé, chini chini. Halafu kiti kinasogezwa.

Sasa kishindo kimoja juu ya meza. Ni muhuri – ao ni ngumi.