Anga Zima Kabla ya Mgao

Jumatano. Joto limelala juu ya mabati ya Ngamiani tangu asubuhi, na mimi leo nina furaha ya kijinga.

Nyaya za nyumba hii ni kuukuu: ukiwasha friji na kompyuta pamoja, fyuzi inaungua. Na siku hizi za mgao, umeme wenyewe tunaonjeshwa tu. Basi wiki nzima Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, amekuwa akizima friji yake ili mimi nihesabu anga. Yeye anauza barafu za ukwaju. Jana aliniambia kwa upole kwamba leo ndiyo mwisho, wateja wanamkimbia.



Ninachunguza ramani ya nuru kongwe kuliko zote, iliyobaki tangu ulimwengu ulipoanza, inayotuzunguka kila upande kama ganda la yai. Nayatafuta mawimbi yaliyomo, makubwa kwa madogo. Programu yangu mwenyewe ilijikokota, kila wimbi kwa kila nukta ya anga, na umeme ulikatika kila mara haijafika popote.

Leo nimejaribu nyingine, niliyoipata kwenye intaneti kafe mpya, pale palipokuwa duka la ushirika tulikopangia foleni ya sukari utotoni. Aliyeibuni simjui, lakini nampenda! Nukta zote amezipanga kwa pete, kama mistari ya latitudo, kila nukta eneo sawa na mwenzake. Pete nzima inahesabiwa kwa mkupuo. Tena pete ya kaskazini ni pacha wa ile ya kusini, kwa hiyo sehemu kubwa ya hesabu inafanywa mara moja tu kwa zote mbili.

Hesabu yote imekwisha kabla chai yangu haijapoa.

Nikatoka uani. "Bi Zuhura, washa friji."

"Umekukatikia tena? Pole mwanangu."

"Umeme upo, mama. Nimemaliza."

Hakuamini. Akaja mwenyewe, mikono imejaa ukwaju, akaukodolea macho mchoro wa mawimbi kwenye kioo cha kompyuta: mlima mmoja mrefu, na vilima vifupi ubavuni.

"Mlima huu ndio ulioninyima barafu?"

"Ndio huo."

Akautazama, akacheka. "Bora ni mzuri. Ungekuwa mbaya ningekuhamisha."

Sasa friji inaunguruma ukumbini, nami nasikia raha kuisikiliza. Wiki nzima aliizima kwa ajili ya mlima ambao hata mimi sikuwa na hakika kama nitauona. Nikiandika tasnifu, jina la kwanza kwenye shukrani ninalo tayari. La huyo mtu wa pete itabidi nilitafute.