Chombo cha Mkate wa Ndoa

Mujukuu wangu Mariamu,

Nakusalimia kutoka Kisangani. Tonton, mjomba wako, amerudi salama toka Opala. Mimi, tangu barua yako ifike, situlii. Unauliza: "Koko, trapezi tunayochora darasani iko na kazi gani?"

Bon. Nilipokuwa msichana, nilitaka kuoka mkate mkubwa wa ndoa ya dada yangu. Kwa haraka nilikata bati la papa wangu, fundi wa mabati, nikalikunja liwe chombo chenye kuta zilizosimama wima. Mkate ukang'ang'ania ndani, ukatoka vipande vipande. Ndoa ilikuwa kesho yake.

"Chora kwanza," papa akasema.

"Papa, muda umeisha!"

"Chora."

Nikachora kwenye karatoni, karatasi ngumu: mraba katikati, na kila upande wake trapezi, umbo la pande nne lenye kingo mbili sambamba, ule ukingo mpana ukiwa nje. Mara tatu nilisimama nikitaka kuacha. Nilipoikata na kuikunja, pembe zikakutana, kuta zikalala nje kidogo. Tukakata bati lingine vivyo hivyo. Asubuhi mkate ukateleza, ukatoka mzima.

Papa hakunisifu. Alikula kipande, kisha akaniwekea mkononi mkasi wake wa bati, ambao hakuwahi kumwazima mtu.

Akupendaye,
Koko Zena