Jina la Mwalimu Kwenye Mlango wa Maktaba

Mpendwa Bi Sheindl, nisaidie, maana Yom Kipur inakaribia na sijui nitasimamaje siku ile ya kufunga na kutubu wakati mtu niliyemkosea amenifungia mlango. Mimi ndiye niliyechora vibao vipya vya shule yetu ya Kiyahudi hapa mtaani Villa Crespo, vile vya kuwaonyesha watu darasa liko wapi na ngazi iko wapi, na kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote kwa sababu shule imejaa watoto wa kila aina, wengine bibi zao walitoka Polandi na wengine Aleppo kama bibi yangu, wengine hawajajua kusoma, mmoja haoni kabisa, basi kila kibao nikakiandika kwa Kihispania, kwa Kiebrania na kwa nukta nundu, herufi zimeinuka ili kidole kizisome, na juu yake picha ya kupapasa, na kila mlango nikaupa jina la mtu aliyeijenga shule, ili mtoto akiuliza njia aambiwe pia ni nani aliyemtangulia kuipita.

Mwalimu Guitl ndiye aliyenifundisha kusoma. Sasa macho yamemwisha, lakini kila Ijumaa bado alikuwa anakuja maktabani kuwasimulia watoto hadithi, akishikwa mkono, na huko kushikwa mkono kulikuwa kunamuudhi mno, kwa hiyo kusema kweli vibao vile niliviwaza kwanza kwa ajili ya vidole vyake, na mlango wa maktaba nikauita kwa jina lake. Kwetu sisi watu wa Aleppo hakuna heshima kubwa kuliko hiyo, mimi mwenyewe nilipewa jina la bibi yangu naye yu hai, akawa ananibeba sokoni na kujigamba kwa kila muuza mboga. Sikumwambia Mwalimu, nilitaka akute zawadi.

Siku ya uzinduzi alikataa kushikwa, akapita ukumbini akipapasa na kusoma mwenyewe, mpaka nikatokwa na machozi ya furaha. "Zalman. Huyu alikuwa mchoyo wa chaki," anasema. "Nissim. Siku ya mazishi yake mvua ilitulowesha mpaka soksi." Watu wanacheka. Akafika maktabani, kidole kikapita juu ya jina, kikarudi, kikapita tena. Akaniuliza polepole, "Alegra, hawa wote wamekufa. Mimi nimekufa lini, mwanangu, mbona sikuambiwa?" Nikadhani ni mzaha wake wa kawaida, nikacheka pamoja na wengine, Bi Sheindl, nilicheka, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Akaomba koti lake, akaenda zake, na hajarudi tena.

Nilipofika nyumbani mume wangu, ambaye wazazi wake ni watu wa Polandi kama Mwalimu, alishika kichwa. "Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai, seuze mlango. Malaika wa Mauti asije akachanganya majina akamchukua ambaye zamu yake haijafika. Si ungeniuliza?" Sikumuuliza. Nimekwenda kwa Mwalimu mara mbili, mara ya pili na keki ya lozi, akanijibu kutoka ndani, "Maiti hawali keki. Rudi kwa mumeo." Mkuu wa shule naye anasema tukikiondoa kibao watu watasema tumemvua heshima, kwa hiyo nikikiacha nimemzika hai, nikikiondoa nimemfuta. Sheria yetu inasema aliyekosa aombe radhi mara tatu, akikataliwa zote basi hana lawama tena. Imebaki moja na naogopa kuitumia. Nifanyeje?

Alegra, Villa Crespo


Alegra,

Pole, na ninaisema kwa dhati, kwa sababu ulikusudia mema na yamekutokea puani. Sasa kaa nikuseme.

Bila shaka ulimuuliza fundi. Ulimuuliza mkuu wa shule. Yule mtoto asiyeona nina hakika ulimpa vibao avipapase kabla havijafungwa ukutani, na ulifanya vizuri. Mwenye jina ndiye ambaye hukumuuliza. Zawadi ya kushtukiza iwe peremende, binti yangu. Jina la mtu lina mwenyewe.

Mimi ni wa watu walewale wa Guitl. Mama yangu akinishonea kifungo cha koti nililovaa alinipa uzi niutafune, kwa kuwa anayeshonewa nguo mwilini huku ametulia kimya ni maiti. Tuna mambo yetu, na ukipenda uyacheke. Lakini mwanamke aliyewazika rafiki zake wote, akajikuta katika safu yao kwa kidole chake mwenyewe, usimwambie kwamba hayo ni mambo ya kizee tu. Aliogopa, na mlipokuwa mkicheka alikuwa peke yake.

Kuhusu hizo mara tatu, acha kuhesabu. Sheria ile iliwekwa ili anayeombwa asiwe na moyo mgumu, haikuwekwa ili muombaji apumzike. Utakwenda ya tatu, na ya nne ikibidi.

Mwambie mkuu wa shule asubiri. Shika bisibisi ukifungue kibao mwenyewe, pasipo mpiga picha, ukipeleke kwake. Keki iache. Simama mlangoni useme, "Mwalimu, nilicheka pale nilipopaswa kunyamaza. Nimekuletea jina lako, lifanye utakavyo." Habari za bibi yako na sokoni usimpe, hakukuuliza. Akitaka kukivunja, mshikie. Akitaka maktaba ipewe jina la marehemu anayempenda yeye, andika hilo, na nukta zake zote. Akikwambia ukifungie kabatini mpaka siku yake ifike, usijifiche nyuma ya zile dua zetu za kuishi miaka mia na ishirini. Sema "sawa, Mwalimu," ukakifungie. Kisha muulize kama Ijumaa atakuja, na usimnyooshee mkono mpaka auombe.

Wala usiniandikie tena kuniuliza lini. Ukimaliza kusoma haya, vaa viatu. Guitl ni mzee, Alegra, na ukichelewa, kibao chako kitakuwa kimesema kweli.

Bi Sheindl