Namba Kumi na Saba, Kiti cha Mbele

Jumapili, 18 Agosti

Nimepewa bendera yangu mwenyewe! Kitambaa cha njano, ukubwa wa taulo la vyombo, kimeandikwa 17. Ya mume wangu Wendell ni 16. Tulikuwa foleni moja na bwana wa usajili akamkabidhi Wendell zote mbili, kana kwamba mimi ni mzigo wake. Nikanyoosha mkono. Wendell akanipa, lakini alichelewa kidogo kuiachia.

Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye pikipiki nyuma ya mgongo wa mwanamume huyu. Yeye anaendesha, mimi nasoma ramani na kumgonga begani — mara moja kulia, mara mbili kushoto. Vikombe vyote vya ushindi viko kabatini sebuleni. Jina lake juu kwa herufi kubwa, langu chini kabisa, kama jina la kiwanda.

Makubaliano ni haya, na tuliyasema mezani kwa dada yake, mbele ya pai. Nikimaliza mashindano haya — kufika kabla ya muda kuisha na kutimiza alama zinazotakiwa — basi kila mtu na pikipiki yake mpaka tuzikwe. Nisipomaliza, narudi kiti cha nyuma na ramani yangu, na marufuku kulalamika. Wendell akaahidi kwamba nikishindwa hatanicheka. Muungwana! Hakuahidi lolote kuhusu nikishinda.

Jioni wamegawa kitabu cha vituo. Mwaka huu ni Vitu Vikubwa: yale majitu ya zege na bati ambayo miji midogo huyasimamisha kando ya barabara ili mgeni asimame anunue hata soda. Samaki mkubwa, kuku mkubwa, kiazi kikubwa. Unachagua mwenyewe uende wapi, unapiga picha, na bendera yako lazima ionekane ndani ya picha. Hakuna bendera, hakuna alama. Rollie, mkuu wa mashindano, alilirudia hilo mpaka watu wakaanza kulisema pamoja naye.

Wendell akanyoosha mkono: je, bendera ikionekana nusu? Ukumbi mzima ukaguna. Huyu ndiye mume wangu, mtu aliyewahi kurudi dukani maili arobaini kwa sababu walimzidishia skrubu moja. Waendeshaji wanamwita Mchungaji. Hawamwiti hivyo kwa sababu anasali sana.

Jumatatu, 19 Agosti

Tumeondoka mjini Bemidji alfajiri, mmoja mmoja, Rollie akitunyooshea kidole. Wendell aliyekuwa mbele yangu akakata magharibi bila kugeuka nyuma. Mimi nikakata kusini.

Kwa saa nzima nilikuwa malkia. Barabara yote yangu, naiona yote, si mabega ya mtu! Kisha nikafika njia panda na mkono wangu wa kulia ukaachia usukani, ukaenda mbele, ukagonga hewa mara mbili. Kushoto. Hakuna aliyekata kushoto. Nikapita moja kwa moja na kwenda kugeuzia kwenye shamba la mahindi la watu.

Samaki nimempata. Upepo! Unapachika bendera kwa vibanio vya nguo, unakimbia kwenye kamera, unageuka — bendera imemfunika samaki uso. Mara ya nne nikaomba msaada kwa bibi mmoja aliyekuwa anamtembeza mbwa. Akashika ncha moja, akauliza hii ni ya nini. Nikamwambia ni mashindano. Akauliza samaki anashindana na nani.

Kuku naye tayari. Na pipa la maziwa. Nyumba ya wageni ina harufu ya supu ya jana, lakini ufunguo umeandikwa kwa jina langu. Nimekula mkate wa kituo cha mafuta, ule wa kuku na kachumbari, nimekaa kitandani na buti zangu. Hakuna wa kuniambia nivue.

Jumanne, 20 Agosti

Dakota. Joto. Nyasi, nyasi, ng'ombe, nyasi.

Polisi alinisimamisha. Mwendo wangu ulikuwa — haya, ulikuwa mkubwa. Kijana mpole. Mazungumzo yetu:

“Mama, unakimbilia wapi?”

“Naenda kupiga picha ya kiazi.”

“Kiazi.”

“Kinafungwa saa kumi. Yaani geti lake.”

Akavua miwani ya jua, akanitazama, akatazama bendera ya njano kifuani kwangu. Akasema asubuhi hii nilikuwa wa tatu kumtajia kiazi, na kwamba wa kwanza alikuwa mzee aliyekuwa akiongea peke yake ndani ya helmeti. Akaniachia kwa onyo.

Mzee huyo namjua, ni Wendell! Tumekutana naye kituo cha mafuta, mimi natoka, yeye anaingia. Amekubali mwenyewe kwamba tangu jana anaongea na mimi kwenye kispika cha helmeti. Ananiuliza, “Vonnie, hapa wapi tena?” na kunyamaza kusubiri jibu. Alipiga kona mbaya pale mjini Pierre kwa sababu nilikawia kumjibu. Nilicheka mpaka nikashika pampu. Yeye hakucheka. Ameenda kwa kuku ambaye si kuku wa kitabuni — kuku mwingine, mji mwingine, wa bati badala ya zege — na hakugundua mpaka alipokuwa maili tisini mbali.

“Unaonaje mbele huko?” akaniuliza.

“Kuna upepo,” nikasema. “Na wadudu wanaingia mdomoni.”

“Ndiyo,” akasema. “Hayo sikukuambia.”

Hakuniuliza njia. Alitamani, niliona midomo yake ikijiandaa. Lakini sheria yetu ni kila mtu na lake, na Mchungaji havunji sheria hata ya mezani. Alisimama pale na ramani imegeuka juu chini. Nikaondoka haraka kabla moyo wangu haujalainika.

Jumatano, 21 Agosti

Mvua Montana yote. Nimeiangusha pikipiki.

Haikuwa barabarani, huko ningepata hata heshima. Ni kituo cha mafuta, imesimama, mguu wangu ukateleza kwenye dizeli na pikipiki ikalala ubavu taratibu mbele ya watu wanaokula aiskrimu. Nilijifunza kuinyanyua, Wendell alinifundisha kwenye nyasi zetu. Nyasi zetu hazina dizeli. Nilisukuma, nikateleza, nikakaa chini. Wakaja wanawake wawili wa kwaya ya kanisa, wenye makoti ya plastiki yanayofanana, wakahesabu moja mbili tatu na kuisimamisha kama wanavyosimamisha jukwaa. Mmoja akaniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko kwenye mashindano. Akanisikitikia.

Kioo cha kulia kimevunjika. Maji yameingia buti zote mbili. Nilimkosa nyati na nilimkosa sungura, na alama zao ndizo nilizotegemea. Nimelia chooni, kwa sauti, kwa sababu kikausha mikono kilikuwa kinapiga kelele na hakuna aliyenisikia. Nina umri wa miaka sitini na moja na nalilia sungura wa plastiki!

Natamani mgongo wa Wendell. Nimeandika hivyo, na sifuti. Mgongo ule hukinga mvua.

Alhamisi, 22 Agosti

Jua! Asubuhi nimepiga hesabu mara tatu nikinywa kahawa. Nikirudi moja kwa moja nitafika kwa wakati lakini alama hazitatimia. Nikizungukia kwa bata mkubwa, kaskazini, zitatimia na kuzidi kiduchu. Bila bata, kiti cha nyuma. Basi ni bata.

Barabara ya changarawe kwa muda mrefu. Sikutarajia changarawe. Nikakumbuka anavyofanya Wendell, analegeza mikono na kuiacha pikipiki icheze chini yake. Nikalegeza. Ikacheza! Niliimba nyimbo za Krismasi kwa sababu ndizo pekee ninazojua maneno yake.

Bata yuko juu ya kilima, ana shingo ndefu kuliko nyumba yetu, na amepakwa rangi mpya. Vitu vyangu vyote vilikuwa vimetandazwa juu ya mizigo vikauke. Nikaegesha pikipiki chini yake, nikapiga picha, nikaondoka. Sikukaa hata kula tufaha. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nikamrushia bata busu la mkono.

Nimempigia Wendell kumwambia tu kwamba niko hai. Naye yuko hai. Amemaliza kazi, analala karibu na mwisho. Akauliza, “Umetimiza?” Nikasema nimetimiza. Halafu akasema hongera, na kwamba usiku ana baridi mgongoni anapoendesha, nilikuwa nakinga upepo wa nyuma. Sijui kama kuna upepo wa nyuma kwa mtu anayekwenda mbele. Sikumbishia.

Ijumaa, 23 Agosti

Naandika hapa hapa mezani. Naandika haraka.

Nimefika! Muda ulibaki, nimeingia maegesho ya hoteli watu wakipiga makofi, kioo kimoja, tope mpaka kwenye kope. Wendell alikuwa amesimama peke yake pale langoni. Nikaoga, nikala yai, nikaja meza ya ukaguzi. Mkaguzi wangu ni Ardis, mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti ya upole na macho ya mwewe. Unaweka picha zako, anazikuza kwenye skrini yake moja moja. Ukishakaa hakuna kubadilisha kitu.

Samaki, sawa. Kuku, sawa. Pipa, sawa. Kiazi, sawa, na akasema kiazi kimependeza. Nilikuwa nimeanza kutabasamu.

Bata.

Ardis akasogea karibu na skrini. Akarudi nyuma. “Bendera iko wapi, dada yangu?”

Nikatazama. Bata, shingo, mbingu, pikipiki yangu, mizigo. Nikatazama tena. Jana asubuhi niliitumia bendera kupangusia kioo cha helmeti na kuichomeka ndani ya koti. Nilipopiga picha ilikuwa bado humo ndani ya koti. Siku zote hizi nawacheka wanaosahau bendera! Miaka ishirini na miwili mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha mwenzangu.

“Ile pale,” sauti ikasema nyuma yangu.

Wendell. Haruhusiwi kusema kitu kwenye meza ya mtu mwingine, na yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kujua hilo. Ameinama juu ya bega langu, kavaa miwani ya kusomea, kidole kwenye skrini. “Pembeni, juu ya begi. Ya njano. Upepo umeikunja tu.”

Ardis akakuza. Kweli kuna kitu cha njano, kimekunjamana, nusu yake nyuma ya begi. Namba haionekani. “Inaweza kuwa,” akasema. “Mchungaji akisema ni bendera, mimi ni nani?” Akacheka kidogo. “Lakini namba sioni, lazima aje Rollie. Atakuuliza wewe, dada. Neno la mwendeshaji tunalipokea.” Akaenda kumtafuta ukumbini.

Ndiyo utaratibu hapa. Atauliza, nitajibu, atasaini. Hakuna atakayechimba zaidi.

Ile ya njano ni soksi. Ni soksi zangu, zilizokuwa zikikauka baada ya mvua ya Montana. Wendell ndiye aliyenipa Krismasi, za rangi hiyo ili madereva wa malori wanione. Amezianika mwenyewe kwenye kamba yetu majira yote ya joto. Hawezi kuchanganya. Mtu wa skrubu moja!

“Umeona nini?” nikamnong'oneza.

“Nimeona bendera.”

“Wendell.”

“Nimeona bendera, Vonnie.” Masikio yamekuwa mekundu mpaka shingoni. Anakunja miwani, anaikunjua, anaikunja. Kisha akasema akitazama meza: “Nilikuwa langoni tangu asubuhi. Nilikuona ukiingia, ulivyoikata ile kona ya mwisho. Sikuwahi kukuona ukiendesha. Nilikuwa mbele muda wote, ningeonaje?”

Nikamshika mkono wenye miwani. Kila siku ya maisha yetu ningetoa kikombe kusikia neno hilo, na amelisema sasa hivi, juu ya uongo wake wa kwanza, ambao hajui hata kuusema vizuri. Jasho linamtoka. Ataubeba. Nikisema ndiyo, atakuwa na mimi barabarani kila mmoja na pikipiki yake, na kila tukikaa mezani kula atakumbuka kwamba alimdanganya Ardis. Namjua. Atarudi maili mia nne kuja kuungama.

Na nikisema hapana, ni mgongo wake tena. Kulia, mara moja. Kushoto, mara mbili. Nimeshaonja mbele. Sitaki kurudi! Sitaki kabisa!

Rollie anakuja, anafuta mdomo kwa kitambaa, walikuwa wanakula. Ardis anamwonyesha meza yetu. Wendell anatazama dari kwa bidii kubwa.

Soksi zile za njano nimezivaa, basi Rollie azione mwenyewe. Nimeinama chini ya meza. Zipu ya buti la kushoto imejaa tope, inagoma, lakini inakuja —